Mjamzito Mmoja, Kitabu Kimoja: Namna ya Kupanga Vifurushi vya Mfumo Mkubwa

Zahanati yenyewe iko kando ya barabara inayopanda Amani, ukishaiacha Muheza mjini. Nilikwenda kutengeneza kompyuta, nikakuta umeme umekatika, nikakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa kuusubiri. Akaingia binti mwenye mimba changa. Nesi hakuhangaika: mkono ulikwenda rafuni ukarudi na kitabu kimoja, akakifungua, akaanza kuandika. Alipotoka yule binti akaja mama na mtoto wa kupimwa uzito, mkono ukaenda kwenye kitabu kingine. Rafu nzima ilijaa vitabu vya MTUHA, pembe zimekunjamana kwa kushikwashikwa, kila kimoja na namba yake.

Nikamuuliza kwa nini vimegawanywa vile.

"Mwanangu," akasema, "mjamzito akija nikimbizane na vitabu vitano? Mambo yake yote yamo humu humu."

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na mwenye kazi hii anajua kwamba muda mwingi hatuandiki, tunasoma. Tunasoma yaliyoandikwa na waliotutangulia, na yetu wenyewe ya miaka miwili iliyopita ambayo tumekwisha kuyasahau. Tangu siku ile, kila ninapofungua mradi mgeni namkumbuka yule mama: nikija na jambo moja, nitakimbizana na vitabu vingapi? Ninayoyaandika hapa ni kwa wenzangu mnaotunza mifumo iliyokua mpaka hakuna mtu mmoja anayeijua yote, hasa nyinyi mnaofanya kazi wilayani, mbali na aliyeiandika mara ya kwanza.

MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na vitabu vyake vimo kwenye zahanati zetu tangu miaka ya 1990. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje. Namba 6 ni cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 12 cha wodi ya wazazi, namba 14 cha waliolazwa. Kila huduma kati ya hizo ina majina, tarehe, vipimo na dawa, lakini hakuna aliyeamua kutengeneza kitabu cha majina, kitabu cha tarehe, kitabu cha vipimo na kitabu cha dawa. Vimegawanywa kwa huduma, kisha ndani ya kila kitabu kimewekwa kila kinachohitajiwa na huduma hiyo.

Sisi watengeneza programu tunafanya kinyume chake. Nikisema kifurushi hapa, simaanishi kile cha intaneti cha wiki; namaanisha folda ya mafaili ya msimbo ambayo lugha ya programu inaitambua kwa jina lake, kama ilivyo katika Java, Python au Go. Fungua mradi wa kawaida utakuta vifurushi vinne vya kwanza vinaitwa controllers, services, repositories na models. Kimoja kina mafaili yote yanayopokea maombi kutoka kwenye skrini, cha pili kina yote yanayofanya hesabu, cha tatu yote yanayozungumza na hifadhidata, cha nne maumbo yote ya taarifa. Huku ndiko kupanga kwa tabaka, na ndicho hasa kile kitabu cha majina na kitabu cha dawa. Anayeufungua mradi huo hawezi kujua kama ni wa hospitali, wa duka au wa chama cha wakulima wa machungwa, kwa sababu miradi yote mitatu ingeonekana vile vile.

Nilishawahi kupewa mfumo mmoja wa hospitali wenye mpangilio huo niutunze. Ombi la kwanza lilikuwa dogo: kwenye taarifa za mama mjamzito iongezwe tarehe ya chanjo ya pepopunda. Kila kifurushi kilikuwa na mafaili zaidi ya sitini, yamepangwa kwa alfabeti, la wajawazito limekaa kati ya lile la vitanda na lile la wauguzi. Siku nzima ilipita katika kutafuta mafaili yanayohusika. Nikayaona matano, nikayabadilisha, nikapima, nikafurahi. La sita, lililokuwa na hesabu ya jumla ya mwezi, lilikuwa limewekwa kwenye kifurushi kinachoitwa helpers, na sikuliona. Taarifa ya mwezi ule ikatoka na sifuri kwenye safu ya chanjo, na mtu wa takwimu akalazimika kurudi kwenye makaratasi kuhesabu upya kwa kidole. Nililiona lile kosa kuwa ni langu. Bado naliona hivyo, ila najua pia kwamba mpangilio ule ulikuwa umenitegea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu uchukue huu: ngazi ya juu ya vifurushi vyako iitwe kwa kazi za mfumo. Wajawazito, watoto, maabara, dawa, malipo, taarifa za mwezi. Ndani ya kifurushi cha wajawazito ndimo mkae faili la kupokea maombi, la hesabu, la hifadhidata na la umbo la taarifa, yote ya wajawazito. Ukiambiwa uongeze chanjo, unafungua folda moja.

Zipo hoja dhidi ya hili, na hazistahili kupuuzwa. Mfumo mdogo wa mafaili ishirini hauumizwi na mpangilio wowote, uache ulivyo. Tena tabaka zina faida yake: msimbo wa hifadhidata usipochanganyikana na wa skrini, unaweza kuibadilisha skrini bila kugusa hifadhidata. Lakini tabaka unaweza kuziweka ndani ya kila huduma, kama vile kila kitabu cha MTUHA kina safu zake za jina, tarehe na vipimo.

Mfano mkubwa wa kuangalia tunao mkononi. Zile jumla za kila mwezi kutoka kwenye vitabu vya MTUHA huishia kwenye DHIS2, mfumo ambao Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania Bara mwaka 2013. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya baada ya ubaguzi wa rangi, miaka ya 1990. Toleo hili la pili, lililoandikwa kwa Java, linaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa kushirikiana na vyuo na wizara za nchi nyingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Msimbo wake uko wazi. Kijana mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuushusha leo akausoma bila kumwomba mtu ruhusa, na namsihi afanye hivyo, kwa sababu ni nadra kupata mfumo mkubwa kiasi hicho ambao unahusu maisha ya jirani zako na ambao unaruhusiwa kuufungua tumbo.

Ukiufungua, ngazi ya nje kabisa imegawanywa kwa tabaka: kuna moduli ya dhis-api yenye maumbo na mikataba, kuna dhis-services yenye kazi zenyewe, kuna dhis-web-api inayopokea maombi kutoka nje. Ingia ndani ya dhis-api au dhis-services sasa. Utakutana na org.hisp.dhis.dataelement, org.hisp.dhis.dataset, org.hisp.dhis.period, org.hisp.dhis.organisationunit, org.hisp.dhis.validation. Hayo ni mambo ambayo mtu wa takwimu wa wilaya anayatamka kila siku: kipengele cha taarifa, fomu, kipindi, kituo, uhakiki. Fuata njia ya jambo moja, kituo. Zahanati ni tawi kwenye mti wa vituo, na umbo lake limo kwenye kifurushi cha organisationunit ndani ya dhis-api. Kazi zake zimo kwenye kifurushi chenye jina lile lile ndani ya dhis-services. Faili linalozungumza na hifadhidata limo kwenye kijifurushi kilicho chini yake. Ukishajifunza njia ya jambo moja, umejifunza ya mambo yote, kwa kuwa majina yanajirudia vile vile katika tabaka hizo mbili.

Mpangilio huo una gharama. Anayetaka kubadilisha jambo moja bado anapita moduli tatu, anashuka na kupanda. Mimi ningependa zaidi yote yakae pamoja. Lakini kwa mradi ambao watu wa mabara mbalimbali wanaugusa kila siku, kuwa na njia inayotabirika ni jambo kubwa, na nimejifunza kutodharau mpangilio usio wangu madhali umefuatwa kwa uaminifu. Mradi unaotumia mpangilio wa pili kwa ubora lakini mahali pote unasomeka kuliko mradi unaotumia bora nusu na ovyo nusu.

Sasa, huduma ni ipi na mpaka wake uko wapi? Hapa ndipo watu wengi hukwama, na mimi nimekwama mara nyingi. Mwaka 1972 David Parnas aliandika makala ambayo bado sijaona iliyoishinda katika jambo hili. Alichukua programu ndogo ya kupanga mistari kwa alfabeti akaigawa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilifuata hatua za kazi: kusoma, kuzungusha, kupanga, kuchapa. Ya pili ilianza na swali tofauti: ni maamuzi gani yanaweza kubadilika kesho? Kila uamuzi wa namna hiyo ukafichwa ndani ya moduli moja, ili ukibadilika ibadilike moduli hiyo peke yake.

Chukua kalenda. DHIS2 inatumika pia Ethiopia, ambako mwaka una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na wa mwisho wa siku tano au sita. Kama hesabu ya miezi ingekuwa imetawanyika kwenye kila taarifa na kila grafu, Ethiopia ingehitaji kuandikiwa mfumo wake. Badala yake kuna kifurushi cha calendar, na ndani yake kila kalenda ina faili lake: ya Ethiopia, ya Nepal, na hii tuliyoizoea. Wengine wote wanauliza kifurushi hicho kipindi kinaanza lini na kinakwisha lini, hawajali kimehesabiwa vipi.

Sisi tuna mfano wetu, na sijui ni mifumo mingapi imeukosea. Kwenye wodi ya wazazi mkunga anaandika mtoto amezaliwa saa nne usiku. Kompyuta inataka 22:00. Mahali fulani mtu lazima ageuze, na akisahau, mtoto anaonekana amezaliwa saa 4:00, yaani alfajiri kwa hesabu yetu ya saa kumi. Ugeuzaji huo ukae kwenye kifurushi kimoja, kiitwe saa, na mtu mwingine yeyote akatazwe kujumlisha sita au kumi na mbili nje ya hapo. Nimeona hesabu hiyo imeandikwa katika mafaili manane ya mradi mmoja, na katika mawili ilikuwa na makosa tofauti.

Mfano mwingine uko hapa hapa nyumbani. Kwenye sensa ya mwaka 2002 kulikuwa na wilaya moja ya Muheza iliyofika hadi mpaka wa Kenya. Kwenye sensa ya 2012 zilikuwa mbili, Muheza na Mkinga. Kituo hakikuhama, mgonjwa hakuhama, lakini kila taarifa iliyotegemea jina la wilaya ililazimika kujua kwamba kituo fulani zamani kilihesabiwa huku na sasa kinahesabiwa kule. Programu iliyoandika neno "Muheza" ndani ya hesabu za chanjo, ndani ya orodha ya dawa na ndani ya kichwa cha taarifa iliteseka. Iliyoweka mipaka ya utawala katika kifurushi kimoja ilibadilisha kifurushi kimoja. Katika nchi yetu wilaya hugawanywa, kata huzaliwa, mikoa huongezwa. Andika msimbo wako ukilijua hilo tangu asubuhi.

DHIS2 yenyewe ilikuja kuweka uwezo wa kugawa kituo na kuunganisha vituo, na mahali ulipowekwa pamenifikirisha sana. Haumo ndani ya organisationunit. Umo kwenye org.hisp.dhis.split.orgunit na org.hisp.dhis.merge.orgunit, tendo likitangulia, kitu kikifuata. Mara ya kwanza niliutafuta kwenye kifurushi cha vituo nikaukosa, nikakasirika. Baadaye kuunganisha kukahitajika pia kwa viashiria na vitu vingine, na pale nikaona kwamba kuunganisha kwenyewe kumekuwa kazi yenye kanuni zake: nini kihamishwe, nini kifutwe, nani aruhusiwe. Jambo linalopita katikati ya huduma nyingi linaweza kustahili kifurushi chake. Ila lisipewe mapema. Subiri litokee mara ya pili au ya tatu, ndipo ulihamishe. Ukilijengea nyumba kabla halijazaliwa utajikuta na nyumba tupu ambayo kila msomaji lazima aingie kuhakikisha haina mtu.

Kuna faida moja ya kupanga kwa huduma ambayo watu hawaitaji vya kutosha, nayo ni kuficha. Katika Java, klasi usiyoitangulizia neno public inaonekana ndani ya kifurushi chake tu. Katika Go, jina linaloanza kwa herufi ndogo halionekani nje. Python haina ukuta, ina adabu: jina linaloanza na mstari wa chini ni la ndani, na mwenye heshima haligusi. Ukipanga kwa tabaka zana hii inakufa mkononi, maana faili la kupokea maombi liko kifurushi kingine na la hesabu, na la hesabu liko kingine na la hifadhidata, kwa hiyo yote lazima yawe wazi kwa wote. Ukipanga kwa huduma, kifurushi cha wajawazito kinaweza kuwa na mafaili kumi na mlango mmoja. Msomaji anayetoka nje anasoma mlango huo basi. Tisa yaliyobaki ni ya wenyeji, na mwenyeji anaweza kuyabomoa na kuyajenga upya Jumamosi bila kumuuliza jirani. Katika Java, mafaili ya majaribio nayo yape jina la kifurushi lile lile, ingawa yanakaa kwenye folda ya majaribio, ili yaweze kuona ya ndani bila kulazimisha yafunguliwe kwa wote.

Niseme neno kuhusu kifurushi kinachoitwa utils, helpers, common au misc. Kwenye fomu ya mwezi ya wagonjwa wa nje kuna mstari wa magonjwa mengine. Ni mstari wa lazima, hakuna fomu inayoweza kutaja kila ugonjwa. Lakini mganga mkuu akiona mstari huo ndio mkubwa kuliko yote, anajua hana taarifa, ana rundo. Kifurushi cha mengineyo ni mstari huo. Kinaanza na faili moja la kukata nafasi kwenye maneno, mwaka unapita, kina mafaili themanini na kila kifurushi kingine kinakitegemea. Hata DHIS2 ina org.hisp.dhis.common, na ni kikubwa. Mgeni akiingia humo hupotea. Sisemi usiwe nacho kabisa. Nasema kila faili linaloingia humo liulizwe linamtumikia nani. Likimtumikia mmoja, liende kwake. Likitumikia wengi kwa sababu moja, lipewe jina la sababu hiyo: saa, fedha, namba za simu. Kinachobaki baada ya hapo huwa kidogo.

Majina yenyewe yanataka subira. Kliniki ya wajawazito haina wagonjwa. Mama mwenye mimba anayekuja kupimwa ni mteja, na nesi atakurekebisha ukikosea, kwa sababu kumwita mgonjwa kunamweka mahali pasipo pake. Mfumo unaomwita mgonjwa kila anayeingia mlangoni utalazimika siku moja kueleza kwa nini mtoto mzima aliyeletwa kwa chanjo ana safu ya utambuzi wa ugonjwa iliyo tupu. DHIS2 zamani ilikuwa na umbo lililoitwa patient. Wakaja kuliacha wakachukua jina pana zaidi linalomaanisha kitu chochote kinachofuatiliwa, kwa kuwa kinachofuatiliwa chaweza kuwa mtu, sampuli ya damu au hata kifaa. Uamuzi ulikuwa sahihi kwao. Kwako, unayeandikia hospitali moja, jina pana kiasi hicho litamchosha msomaji bila kumlipa. Chagua jina ambalo mtumiaji wako analitamka, na ulitumie hilo hilo kwenye kifurushi, kwenye hifadhidata na kwenye skrini. Kuhusu lugha, sioni aibu kukiita kifurushi wajawazito badala ya kukitafutia neno la Kiingereza, mradi timu nzima ikubaliane na mradi mzima ufuate. Kinachoumiza wasomaji ni mchanganyiko: kifurushi kimoja dawa, cha pili drugs, cha tatu medicine, vyote vitatu vikimaanisha vidonge vile vile.

Halafu kuna mduara. Mjamzito anajifungua, mtoto anazaliwa. Kifurushi cha wajawazito kikaita cha watoto kiandikishe mtoto. Mtoto anapoletwa kliniki tunataka kujua mama yake alikuwa na shida gani. Kifurushi cha watoto kikaita cha wajawazito. Sasa vimeshikana shingo. Huwezi kukisoma kimoja bila kingine, huwezi kukijaribu kimoja bila kingine, na cha tatu kikiingia kwenye mduara mradi wote unakuwa kitu kimoja kilichovaa majina mengi. Go inakataa kabisa mduara kati ya vifurushi. Java inauvumilia, ingawa Maven huukataa kati ya moduli na moduli. Kama lugha yako inavumilia, jiwekee zana ya kuukamata wakati wa majaribio. Kwa Java ArchUnit inafanya kazi hiyo vizuri.

Dawa ya mduara nimeiona kwenye ile ile rafu. Kati ya kitabu namba 6 na namba 7 kuna namba 12, cha wodi ya wazazi. Kujifungua ni tukio lake lenyewe, linamjua mama na linamjua mtoto, na hao wawili hawahitaji kujuana kwa undani. Tengeneza kifurushi cha kujifungua kinachowaita wote wawili, wao wasikiite. Na pale ambapo kweli mtoto anahitaji kumkumbuka mama, abebe namba tu, kama mama anavyobeba kadi ya kliniki mkobani. Anayehitaji zaidi ataifuata namba mpaka kwenye kitabu husika. Hakuna nesi anayechana ukurasa wa kitabu kimoja akaubandika kwenye kingine.

Nitapita haraka juu ya ukubwa na kina, maana sina kanuni ya kukupa, nina mazoea. Kifurushi ambacho orodha yake ya mafaili haiingii kwenye skrini moja hukiangalia kama kina huduma mbili ndani. Folda iliyo na folda iliyo na folda yenye faili moja huifuta. Ngazi mbili chini ya jina la mradi zimenitosha karibu siku zote.

Linalobaki ni gumu kuliko yote: mradi tayari upo, una miaka saba, umepangwa kwa tabaka, na watu wanautumia kila siku. Usiusimamishe. Usitangaze kwamba mwezi ujao mtapanga upya kila kitu, kwa sababu mwezi huo hauishi. Anza kwa kuiuliza historia. Git inakumbuka ni mafaili gani hubadilishwa pamoja. Pitia mabadiliko ya mwaka mmoja uandike yale yanayoandamana mara kwa mara. Mafaili yanayobadilika pamoja ndiyo yanayotaka kukaa pamoja, na mara nyingi orodha hiyo itakuonyesha huduma ambayo hata hukuwa na jina lake. Chagua moja inayosumbua zaidi, uihamishe hiyo peke yake.

Unapohamisha, hamisha tu. Usirekebishe hata nafasi moja iliyokosewa ndani ya faili zaidi ya yale majina ambayo uhamisho wenyewe unalazimisha. Git haiandiki popote kwamba faili limehama. Inalinganisha yaliyomo, na kwa kawaida faili likibaki na nusu au zaidi ya yale yaliyokuwemo huhesabiwa kuwa ni lile lile. Ukihamisha na kuandika upya kwa pamoja, historia inakatika, na atakayetaka kujua kwa nini mstari fulani uliandikwa hatapata jibu. Hamisha, hifadhi, unganisha kwenye tawi kuu siku hiyo hiyo kabla wenzako hawajarundika mabadiliko juu ya majina ya zamani. Kurekebisha kutakuja kesho yake.

Na kabla ya kuhamisha, tafuta majina ya vifurushi yaliyojificha ndani ya maandishi. Kompaila inaona msimbo, haioni maneno. Mafaili ya kuunganisha klasi na hifadhidata, mipangilio ya Spring inayotaja kifurushi cha kuchunguza, kazi za usiku zilizohifadhi jina kamili la klasi ndani ya jedwali: yote hayo yatakunyamazia mchana, yakuamshe saa nane za usiku. Tafuta jina la zamani kwenye mradi mzima na kwenye hifadhidata pia, si kwenye mafaili ya Java peke yake.

Kila kifurushi unachokimaliza kiandikie maelezo mafupi mlangoni. Java ina faili la package-info kwa kazi hiyo, Python unaweza kuandika juu kabisa ya __init__.py. Sentensi tatu zinatosha. Kwa wajawazito mimi niliandika hivi: kifurushi hiki kinashughulikia mteja tangu hudhurio la kwanza kliniki mpaka anapopokelewa wodi ya wazazi. Kinajua tarehe, vipimo, chanjo na dawa za kipindi hicho. Hakijui lolote kuhusu kujifungua wala mtoto. Ile sentensi ya tatu, ya kisichojua, ndiyo iliyonipa kazi zaidi kuiandika na ndiyo inayosomwa zaidi.

Nilipomaliza huduma ya kwanza nilimwita kijana mmoja kutoka Ngomeni aliyekuwa anajifunza kazi kwangu, ambaye hakuwa ameuona mradi ule hata siku moja. Nikamuuliza: tarehe ya chanjo ya pepopunda inaandikwa wapi? Akatazama orodha ya vifurushi, akafungua kimoja, akaweka kidole kwenye skrini. "Hapa, kaka." Nikamuuliza la pili: dawa ikiisha stoo, nani anaambiwa? Akatazama, akafungua services, akashuka, akapanda, akafungua helpers, akarudi. Nikachukua daftari nikaandika kwamba wiki ijayo tunahamisha dawa.